SI BARIDI, NI KAZI

Ndugu Wanachama,

Nimeomba nafasi katika karatasi yetu hii niseme juu ya neno moja dogo ambalo limekula mikono na magoti yetu kwa miaka mingi, na sisi wenyewe twalitamka kila siku bila kufikiri. Neno hilo ni "baridi".

Mtu akiumwa na bega, twasema ni baridi. Akiumwa na goti, ni baridi. Akiamka asubuhi na vidole havikunji, ni baridi. Nyapara asema baridi, wa zahanati asema baridi, hata mama watoto nyumbani asema, "Si nilikwambia uvae sweta?" Neno limekuwa la wote, na kitu cha wote hakina mwenyewe. Baridi haina bwana. Baridi haiitwi ofisini kujibu. Baridi hailipi fidia. Nami nasema, na niko tayari kujibiwa katika karatasi hii hii na yeyote apingaye: kwa wengi wetu si baridi, ni kazi.

MKONO WANGU

Mimi ni mtu wa genge la njia, mwaka wa 11 sasa. Kazi yetu mnaijua: kushindilia kokoto chini ya mataruma, kuinua reli kwa mitaimbo, kukaza bolti kwa spana ndefu. Mwaka mmoja, baada ya mvua za masika, njia ilikuwa imelegea mahali pengi. Genge letu la watu 14 lilikuwa limebaki watu 8, na kilometa ni zile zile. Hakuna aliyepunguza njia kwa sababu watu wamepungua.

Katika juma la tatu nilianza kusikia maumivu upande wa nje wa kiwiko cha mkono wa kulia. Mara ya kwanza yalikuja jioni na kuondoka usiku. Baadaye yakawa hayaondoki. Halafu ikafika asubuhi ambapo sikuweza kuinua birika la chai. Mtu awezaye kuinua mtaimbo kutwa ashindwa na birika, na watoto wake wamtazama!

Nikamwambia nyapara. Akasema, "Ni baridi ya asubuhi, jikaze." Nikaenda kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Yule aliyenipokea hakunigusa mkono wala hakuniuliza nafanya kazi gani. Akaandika kwenye kadi "baridi", akanidunga sindano pale penye maumivu, akanipa vidonge. Kwa majuma matatu nilikuwa kama sijapata kuumwa, nikarudi kwenye spana kwa nguvu zote. Kabla ya miezi mitatu kwisha spana ikanianguka mkononi, na maumivu yakawa mabaya kuliko ya kwanza.

Basi nikaanza kujiuliza swali ambalo nawauliza nanyi. Nilikuwa na mikono miwili. Yote miwili ililala katika nyumba moja, ikaoga maji yale yale, ikapigwa na upepo ule ule. Kwa nini uliumwa mmoja, na ule ule unaoshika spana? Je, baridi yachagua mkono?

Nimefanya kazi Timboroa, futi zaidi ya 9,000 juu ya bahari, mahali ambapo umande wa asubuhi huuma kama siafu. Nimefanya kazi pia upande wa Voi, ambako reli huwaka mchana usiweze kuigusa. Huko Voi nilikuta wenye mabega mabovu na magoti mabovu kama wa Timboroa. Waulizeni wachukuzi wa Kilindini, ambao hawajui sweta ni nini, kama migongo yao haiumi.

Sikatai kwamba kiungo kilichokwisha kuumia huuma zaidi asubuhi ya baridi. Lakini kuuma ni jambo moja, na kuumizwa ni jambo jingine. Mwaka 2017 jarida moja la madaktari la Uingereza lilitoa hesabu ya safari zaidi ya milioni 11 za wazee wa Marekani kwenda kwa daktari. Siku za mvua hazikuonyesha wagonjwa wengi zaidi wa viungo na mgongo kuliko siku kavu. Baridi imesingiziwa mengi.

KANO NI NINI

Yeyote aliyepata kuchinja mbuzi amekwisha kuiona kano. Ni ile kamba nyeupe, ngumu, ambayo kisu huikataa, na mtoto akiikuta kwenye sahani huitema. Iko ya namna mbili. Ya kwanza hufunga msuli kwenye mfupa. Msuli ukivuta, kano huvuta mfupa, ndipo mkono ukanyanyua kitu. Ya pili hufunga mfupa na mfupa mwenziwe penye kiungo, visiachane. Hii ya pili ndiyo inayochanika mtu anapokanyaga kokoto vibaya akateguka kifundo cha mguu.

Kano imeundwa kwa nyuzi nyembamba nyingi zilizolala pamoja, mfano wa kamba ya katani. Ukivuta uzito kwa kitambo kirefu, nyuzi chache huharibika. Hilo si ugonjwa bado, kwa kuwa mwili huzitengeneza upya. Lakini kano hupata damu kidogo kuliko msuli, na kwa hiyo matengenezo yake ni ya polepole. Msuli uliochoka leo, kesho kutwa umesahau. Kano yataka majuma, na iliyoharibika sana yataka miezi.

Sisi wa njia twaielewa hesabu hii kuliko mtu mwingine. Bolti ikilegea leo ikakazwa leo, gari la moshi hupita salama. Ikilegea leo ikaachwa, ya pili yake hulegea, taruma hucheza, kokoto husagika, na siku behewa likianguka watu husema, "Ajali ya ghafla." Haikuwa ya ghafla. Ilianza na bolti moja ambayo hakuna aliyeiandika kitabuni. Mkono nao ni hivyo hivyo. Uharibifu ukizidi matengenezo, siku baada ya siku, kano hupoteza mpango wake na kuanza kuuma. Zamani madaktari walidhani ni uvimbe tu. Siku hizi wanajua kwamba kano iliyoumwa muda mrefu mara nyingi haina uvimbe mwingi, bali nyuzi zake zimevurugika. Ndiyo sababu vidonge vya kushusha uvimbe hutuliza siku mbili tatu na kuacha ubovu pale pale.

Kila kazi ina mahali pake pa kuuma. Wa spana na nyundo huumwa nje ya kiwiko. Wa kuinua vitu juu ya kichwa, bega, hata hawawezi kuvaa shati bila msaada. Fundi wa karakana apigaye magoti kutwa juu ya saruji, goti humvimba mbele kama yai. Dada zetu wafagiaji na wapishi huumwa na kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Karani naye asicheke. Mkono wake na shingo yake vimo.

Tena habari hii si ngeni. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja kila wamwonapo mgonjwa: kazi yako ni nini? Imepita miaka zaidi ya 300, na mimi sikuulizwa. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani lilitengeneza upya orodha yake ya magonjwa ya kazi, na humo yameandikwa maumivu ya kano za mkono na kifundo chake, ya kiwiko, na uvimbe wa goti kwa ajili ya kupiga magoti. Dunia imekwisha kukubali. Ni kadi zetu tu ambazo bado zasema baridi.

SINDANO NA VIDONGE

Sasa niseme juu ya sindano, maana najua wengi mnaisifu. Sindano ile mara nyingi ni ya dawa iitwayo steroidi. Hutuliza upesi, nami nimeonja. Lakini huko Brisbane, Australia, wagonjwa 165 wa kiwiko walifuatwa mwaka mzima, na hesabu yao ikachapishwa 2013. Katika waliodungwa dawa hiyo, zaidi ya nusu ugonjwa uliwarudia. Katika waliodungwa maji matupu yasiyo dawa, ulimrudia kama mmoja kwa kila wanane. Haya si maneno ya kumtukana daktari, kwa maana yako magonjwa ambayo sindano hiyo yafaa. Nasema tu kwamba mtu akitulizwa kwa sindano akarudishwa kwenye kazi ile ile, uzito ule ule, siku ile ile, hajatibiwa. Amefungwa mdomo.

Vidonge vya maumivu navyo, mtu avimezavyo kila siku kwa miezi, hula tumbo na kuharibu figo. Na iko dawa ya vijidudu iitwayo siprofloksasini, ambayo wengi huinunua dukani bila cheti cha daktari. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamuru iwekewe onyo kali kwamba yaweza kuharibu kano hata ikakatika, hasa ile kubwa ya kisigino. Mtu wa mzigo aijue kabla hajaimeza.

Dawa yake ni nini basi? Si kulala kitandani. Kano iliyolazwa hudhoofika. Wala si kujikaza. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Uswidi na wenzake walitoa habari za wakimbiaji 15 waliokuwa wameumwa na kano ya kisigino kwa muda mrefu. Waliwafundisha kusimama kwa vidole vya miguu ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, mara mbili kila siku, kwa majuma 12, na uzito ukiongezwa kadiri walivyoweza. Wote 15 walirudi kukimbia. Si kila mgonjwa atapona kama hao, lakini njia ile imefuatwa tangu hapo kwa kano nyingi: punguza uzito kwanza, kisha uongeze kidogo kidogo, kwa miezi, ukiongozwa na mtaalamu wa mazoezi wa hospitali.

Angalieni maana yake, ndugu zangu. Kano hupona kwa kazi iliyopimwa, na huharibika kwa kazi isiyopimwa. Na anayepima kazi yetu ni nani? Je, ni sisi? Tukisema twataka kazi nyepesi kwa majuma 12, twaambiwa wavivu. Kumbe ndiyo dawa yenyewe.

YAKO MAGONJWA MENGINE

Nisije nikawapoteza. Si kila maumivu ni ya kano. Viungo vya mikono yote miwili vikivimba, na kukakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima kwa majuma mengi, huenda ikawa ni baridi yabisi, ambao jina lake tu ni baridi. Ni ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe, na huhitaji hospitali mapema kabla haujala viungo. Kidole kikubwa cha mguu kikivimba usiku na kuwaka moto, huenda ni jongo. Kiungo kimoja kikivimba ghafla na homa juu yake, usingoje kesho, nenda hospitali usiku huo huo. Na ukisikia mlio nyuma ya kisigino kama umepigwa jiwe, kisha usiweze kusimama kwa vidole, kano imekatika, usichuliwe, upelekwe.

MZEE WETU NA KADI YAKE

Yuko mzee mmoja aliyenifundisha kazi. Bega lake la kulia liliharibika kwenye mitaimbo. Kwa miaka minne alikwenda zahanati, na kila mara kadi yake iliandikwa neno moja. Hakumwandikia mkubwa wake barua hata moja, maana alijivuna kwa nguvu zake, nasi tulimsifu. Tulimwita Samsoni. Siku mkono ulipokataa kabisa kupanda juu, alikwenda kudai. Waliotazama kadi zake waliona nini? Baridi, baridi, baridi. Hakuna ajali iliyoandikwa, hakuna tarehe, hakuna shahidi. Akarudi nyumbani bila kitu, na leo mkewe humfunga vifungo vya shati.

Ni nani aliyemnyang'anya mzee haki yake? Wenye kazi, ndiyo. Zahanati, ndiyo. Lakini nasi tumo. Sisi tuliomwita Samsoni tulisahau mwisho wa Samsoni.

SHERIA IPO

Msiambiwe kwamba hakuna sheria. Zipo mbili za mwaka 2007. Ya kwanza ni ile ya Usalama na Afya Kazini. Yamtaka mwenye kazi alinganishe kazi na vyombo na mwili wa mfanyakazi, na yamkataza kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumwumiza. Yasema pia kwamba mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya.

Ya pili ni ile ya Mafao ya Majeraha Kazini. Humo kuna fidia ya ajali na ya magonjwa yaletwayo na kazi. Mfanyakazi aliyeumia ampashe mwajiri habari, kwa maandishi au kwa mdomo. Mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai lenyewe lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Sheria hii ilipingwa mahakamani miaka mingi, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwezi wa Desemba 2019. Wala haimtengi alipwaye kwa siku. Kibarua naye ana kano.

Lakini sheria haina macho. Yasoma kilichoandikwa. Ukinyamaza, nayo hunyamaza.

TWATAKA NINI

1. Kila zahanati tunayopelekwa imwulize mfanyakazi kazi yake, na iandike kazi hiyo kwenye kadi, pamoja na mahali panapouma na tarehe yalipoanza maumivu.

2. Maumivu ya kiungo yatokanayo na kazi yaandikwe katika kitabu cha ajali kama vile yaandikwavyo majeraha ya damu. Jeraha lisilotoka damu ni jeraha.

3. Aliyeumwa na kano apewe kazi nyepesi kwa majuma ambayo daktari ataandika, bila kukatwa mshahara na bila kuitwa mvivu.

4. Genge lirudishiwe watu wake. Kazi ya watu 14 haifanywi na watu 8 ila kwa kula mikono yao.

5. Kamati ya usalama iketi kweli kweli, na mjumbe wa chama awemo, si majina tu ya kubandikwa ukutani.

Na ninyi, ndugu, nawaomba matatu. Maumivu yakizidi juma moja, mwambie mjumbe wa chama, naye aandike. Ukitoka zahanati, soma kadi yako kabla hujafika mlangoni. Kama hujui kusoma, mpe mwenzako akusomee, hiyo si aibu. Na kijana mgeni akisema mkono wauma, asichekwe. Shuleni misheni tulifundishwa kwamba watu ni kama viungo vya mwili mmoja. Genge nalo ni hivyo. Bega la mmoja likifa, uzito wake wahamia mabega ya waliobaki, na zamu yako yaja.

Mkono wangu mimi umepata nafuu. Ulichukua miezi tisa, mazoezi ya kila jioni, na mkubwa mmoja mwenye moyo aliyenipa bendera nishike badala ya spana. Nilipata kwa huruma ya mtu, na mtu huhamishwa. Natamani mwenzangu ajaye apate kwa haki.

Wasemao ni baridi na waandike tuwasome. Nami nitawajibu, kwa mkono huu huu.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
MTU WA GENGE LA NJIA